Majina ya Wazee Wetu

Tarehe 2 ya mwezi wa 11 Wakristu huwakumbuka marehemu wote. Mvua zimekwisha kuanza, majani yamerefuka, na siku chache kabla yake watu huenda makaburini na majembe na mapanga kusafisha. Watoto hutumwa kuchota maji na kutupa majani. Wengine huona kazi hiyo ni ya kuchosha, nao hukimbia-kimbia kati ya misalaba. Lakini mtoto mwenye macho husimama na kusoma, kwa maana pale yameandikwa majina ya watu wa kwao.

Kusoma makaburi si kazi rahisi. Msalaba wa mti huliwa na mchwa, na baada ya miaka michache haubaki ila tuta la udongo. Msalaba wa chuma hupata kutu, rangi hubanduka, na herufi hupotea moja moja. Simenti hudumu zaidi. Mara nyingine jina limechorwa juu yake kwa msumari, simenti ilipokuwa bado mbichi. Herufi zake zimepinda, lakini zinasomeka hata leo. Ukitaka kuzisoma vizuri, nenda asubuhi au jioni, jua linapokuwa upande. Kivuli huingia ndani ya herufi na kuzionyesha. Usikwangue kwa kisu wala kwa jiwe, utaharibu. Maji na kitambaa vyatosha. Tena tazama makaburi ya jirani, kwa sababu watu wa jamaa moja mara nyingi huzikwa karibu. Katika vijiji vya zamani usiingie makaburini bila ruhusa ya wazee wenye mahali pale.

Mtoto mmoja wa darasa la tano, mjini Likasi, alitaka kujua habari za mama wa nyanya yake. Hakuanzia makaburini. Alianza nyumbani, naye alifanya vema.

— Nyanya, mama yako aliitwa nani?

— Aliitwa Maria.

— Maria nani?

— Maria, mama wa Petro. Watu wote walimwita hivyo.

— Na jina lake la kwao?

Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akasema:

— Mjukuu wangu, sisi watoto hatukutaja jina la mama yetu. Ilikuwa aibu. Nenda kwa kaka yangu Petro, yeye ndiye mkubwa.

Mtoto akaenda. Mzee Petro alikuwa mgonjwa wa macho, lakini akili zake zilikuwa nzima. Alisema mama yao alitoka Kasai kwa treni, angali msichana, naye aliitwa Kabanga. Alisema pia kwamba alifunga ndoa hapa hapa mjini, katika kanisa la misioni. Habari hizo mbili zilitosha kuanza kazi. Kwa Maria peke yake mtoto asingefika mahali. Katika parokia moja Maria wako mia na zaidi!

Sasa tuseme habari za vitabu vya parokia. Desturi ya kuviandika ni ya zamani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kila paroko aandike ndoa katika kitabu. Mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kiliagiza vitabu vitano: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha hali ya waamini nyumba kwa nyumba, na cha wafu. Wamisionari walipofika Kongo walifuata sheria hiyo hiyo, hata pale walipokaa bado katika nyumba ya majani. Ndiyo sababu katika misioni nyingi kitabu cha ubatizo ni cha zamani kuliko kanisa la matofali lenyewe.

Zamani viliandikwa kwa Kilatini. Mtoto asiogope, maneno ni machache. Natus maana yake amezaliwa. Kwa mwanamke huandikwa nata. Baptizata, amebatizwa. Filia, binti. Obiit, amekufa. Patrinus ni baba wa ubatizo, matrina ni mama wa ubatizo. Neno dogo circa maana yake yapata. Ukiliona mbele ya mwaka wa kuzaliwa, ujue Padri alimtazama mtu usoni akakadiria umri wake. Basi usigombane na mzee wako akisema mwaka mwingine. Huenda yeye ana haki kuliko kitabu.

Pembeni mwa ukurasa ndipo penye mali. Tangu Pasaka ya mwaka 1908 ni sheria: mtu akifunga ndoa mbali, paroko wa huko hupeleka habari kwenye parokia alikobatizwa, nayo huandikwa pembeni mwa jina lake. Kwa njia hiyo mtu aliyebatizwa Kasai na kuoa Katanga ana uzi unaounganisha parokia mbili. Ukishika ncha moja, unaweza kuifikia nyingine.

Mtoto wa Likasi alikwenda ofisi ya parokia pamoja na mama yake. Hawakukifungua kitabu wenyewe. Karani ndiye hufungua, kwa sababu ndani yake mna siri za watu, na si kila siri ni ya kila jicho. Karani alitafuta katika kitabu cha ndoa, ukurasa kwa ukurasa, karibu saa nzima. Akampata: Maria Kabanga, pamoja na jina la mume, majina ya mashahidi wawili, na jina la misioni ya Kasai alikobatizwa. Mama akaandika barua huko. Katika barua kama hiyo si lazima kusema maneno mengi. Taja jina la ubatizo na jina la kwao, majina ya wazazi kama yanajulikana, mwaka yapata, na sababu ya kuuliza.

Jibu lilikawia miezi mitatu. Ilikuwa nakala ya mistari miwili, si mmoja. Karani wa Kasai alikuwa mtu mwenye akili. Kwa Waluba wa Kasai, Kabanga ni jina la pacha wa pili. Wa kwanza huitwa Mbuyi. Alipoona Kabanga, alitazama mstari wa juu, akamwona Anna Mbuyi, amebatizwa siku ile ile, wazazi wale wale, na pembeni neno moja: obiit. Nyanya aliposomewa barua alishika kichwa. Mama yake hakuwahi kumwambia kwamba dada yake pacha alikufa mtoto. Usiku ule aliwaombea wawili.

Si kila mstari una majina ya wazazi. Kando ya Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walianzisha misioni ya Kibanga mwaka 1883 na kupokea ile ya Mpala mwaka 1885. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaharibu nchi, nao walikomboa watoto wengi mikononi mwa wafanya biashara. Mtoto wa namna hiyo hakuweza kila mara kutaja kijiji chake, wala jina la baba yake. Padri angeandika nini? Aliandika ignotus, asiyejulikana. Jamaa nyingi za kando ya ziwa huanza na mtoto mmoja hivi, na juu yake hakuna tena ngazi ya kupanda. Hata Daktari Adrien Atiman, aliyetibu wagonjwa huko Karema, ng'ambo ya ziwa, kwa miaka zaidi ya 60 hata kufa kwake mwaka 1956, hakujua kwa hakika mwaka wake wa kuzaliwa. Alikamatwa utumwani angali mdogo, mbali sana, upande wa Mali ya leo, akakombolewa katika Algeria.

Misioni za Mapadri Weupe zilikuwa na kitabu kingine pia. Kardinali Lavigerie aliwaagiza waandike kila siku mambo ya siku hiyo: mvua, njaa, simba, wageni, vifo. Mtu asiyepatikana katika kitabu cha wafu huenda ametajwa humo. Vingi vya vitabu hivyo vimehifadhiwa Roma. Nyumba inayohifadhi karatasi za kale namna hiyo huitwa archives. Kwa Kiswahili hodari husema hifadhi ya nyaraka.

Nje ya misioni kuna archives nyingine. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, iliweka faili ya mfanyakazi: kijiji, chifu, mke, watoto. Karatasi hizo zilipita mikononi mwa Gécamines, iliyofuata baada ya serikali kuchukua migodi mwaka 1967. Faili ya mchimba shaba mara nyingine husema mengi kuliko msalaba wake. Iliandikwa kwa faida ya kampuni, ndiyo, lakini leo ni faida ya wajukuu.

Mtafutaji ajue tena kwamba majina hubadilika. Mwaka 1972 serikali ya Zaïre ilikataza majina ya Kikristu, na watu wakachukua majina ya wazee. Mtu mmoja basi anaweza kuwa Yozefu katika kitabu cha ubatizo, na katika kitambulisho chake asiwe Yozefu kabisa. Miji nayo ilibadilika: Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Baudouinville ni Moba. Anayetafuta Jadotville kwenye ramani ya leo atatafuta mpaka kesho.

Kuna watu ambao kutafuta huku kwao si jambo la kupitisha saa. Wakati wa Wabelgiji, watoto wengi waliozaliwa na baba mzungu na mama mwafrika walinyang'anywa mama zao na kuwekwa katika nyumba za serikali na za misioni. Wengine wa Save, katika Rwanda, walipelekwa Ubelgiji kati ya mwaka 1959 na 1961. Majina yao yaligeuzwa, wengine hawakujua hata kama mama yu hai. Kosa hilo lilikuwa kubwa, na watu wa Kanisa walishiriki. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel mbele ya Bunge tarehe 4 mwezi wa 4 mwaka 2019. Sasa wametafutiwa njia ya kusoma karatasi zao katika archives za Ubelgiji. Wengi wao ni wazee wenye mvi. Wanatafuta jina moja tu, la mama, na mahali pa kuweka ua.

Kaburi la Maria Kabanga halikuonekana. Kitabu cha wafu kilitoa siku ya mazishi, lakini upande ule wa makaburi umejaa majani mpaka kiunoni. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walilala kwenye vituo vya treni, wengi walikufa, na waliosafiri waliacha makaburi yao bila mtu wa kuyapalilia. Mtoto na mama yake walilima mahali padogo karibu na mti. Mzee Petro alisema ndipo alipozikwa, au hatua chache tu kutoka pale. Walisimika msalaba wa chuma, wakaandika kwa rangi nyeupe majina mawili, la Kabanga na la Mbuyi.

MAULIZO

Kwa nini karani wa Kasai alitazama mstari wa juu?

Neno circa maana yake nini? Na ignotus?

Kwa nini mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili katika karatasi mbili?

Muulize nyanya yako au babu yako jina la mama yake. Kama ni aibu kwake kulitaja, uliza nani anaweza kulitaja. Uliandike katika daftari lako, pamoja na mahali alipozikwa.