SOMO: MNONG'ONO ULIOFICHIKA NA MASHINE ZINAZOSEMA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Suratun-Nas humfundisha Muislamu kujikinga kwa Mola wake na mwenye kutia wasiwasi kisha akajificha, awe ni jini au mtu. Shari yake ni mbili: ubaya wa neno lake, na kufichikana kwake, hata mtu akadhani kuwa wazo lile limetoka moyoni mwake mwenyewe.

Tamaa hii si ngeni. Mwaka 1957, Mmarekani James Vicary alidai kuwa maneno yaliyopitishwa katika sinema kwa kitambo kisichodirikiwa na jicho yalizidisha mauzo ya Coca-Cola na bisi. Mwaka 1962 alikiri kuwa ushahidi wake haukutosha. Lakini leo programu ya akili bandia haihitaji sinema. Familia iliyoko Ghubra huiuliza habari za dawa, masomo na bidhaa, nayo hujibu kwa upole kama rafiki. Ikiwa imeundwa impendelee aliyeilipia bila ya kusema, au imfanye mtoto aone uzito kuiacha, basi anayevutwa hajui kuwa anavutwa.

Hukumu yake ni ipi? Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini yake. Muuzaji akasema kuwa ilinyeshewa. Mtume akamkemea kwa kutouweka juu watu wakauona. Kosa halikuwa mvua. Kosa lilikuwa kuficha. Na Suratun-Nisaa, aya ya 29, imeijenga biashara juu ya kuridhiana, na haridhii mtu jambo asilolijua.

Ama kushawishi kwa uwazi, kama mawaidha, au saa ambayo mtu ameitega mwenyewe imkumbushe Sala, huko si ghushi.

Ikisemwa: mashine haina nia, basi dhambi ni ya nani? Jawabu: Musnad ya Imamu Rabii bin Habib huanza kwa mlango wa nia, na nia hapa ni ya aliyeiunda na aliyeitumia hali ya kuwa anajua. Mashine ni chombo tu.

Wajibu wa mzazi haupungui. Sheria ya Oman ya kulinda taarifa binafsi, Namba 6 ya 2022, imetaka ridhaa ya mlezi katika taarifa za mtoto. Basi mlezi asiridhie asichokijua, akae na mwanawe, amzoeze kuuliza: "Nani anasema hapa, na anataka nini?"

Mwenyezi Mungu azilinde nyoyo na kila mnong'ono uliofichika. Amin.