Maneno Tuliyoyazoea Ndiyo Yanayotuangusha



Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hupenda kusema kwamba Fizikia na Kemia ni masomo magumu kwa sababu ya maneno mageni. Mimi nimeyasoma mpaka Kidato cha Nne, na naona kwamba taabu kubwa haitoki huko. Neno geni, kama elektroni, humfanya mtu aulize. Taabu hutoka katika maneno tuliyoyazoea tangu utoto: uzito, nguvu, kazi, kuyeyuka, chumvi, moshi. Hayo twadhani twayajua, kwa hiyo hatuyaulizi. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na huku sekondari twatahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi ahamishaye neno bila kuhamisha maana hukariri tu, na mtihani wa taifa humwumbua. Basi napenda kueleza machache.

Kwanza, uzito. Sokoni twasema gunia lina uzito wa kilo 50, na muuzaji hana kosa, maana hayo ndiyo mazoea ya watu. Lakini katika Fizikia kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu. Uzito ni kani, yaani mvuto wa dunia juu ya kitu hicho, nao hupimwa kwa nyutoni. Katika hesabu zetu za shule, kila kilo 1 huvutwa kwa nyutoni 10 hivi. Kwa hiyo gunia la kilo 50 lina uzito wa nyutoni 500. Likipelekwa mwezini tungamo lake litabaki kilo 50, kwa kuwa hakuna punje iliyopungua. Lakini uzito wake utakuwa nyutoni 83 hivi, maana mvuto wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya mvuto wa dunia.

Pili, nguvu. Kwetu mtu ana nguvu, umeme una nguvu, na dawa ina nguvu. Mwanafizikia hawezi kupima namna hiyo, kwa hiyo huligawa neno hili. Kani ni msukumo au mvuto. Kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kwa kufuata kani hiyo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Na kiasi cha kazi kinachofanywa kwa kila sekunde hupimwa kwa wati.

Tuchukue gunia lile lile. Juma analipandisha juu ya lori, kimo cha meta 2, kwa sekunde 4. Ali analipandisha kwa sekunde 10. Kila mmoja amefanya kazi ya juli 1000, yaani nyutoni 500 mara meta 2. Lakini Juma amefanya juli 250 kwa sekunde, ndiyo wati 250, na Ali wati 100. Na mtu aliyesimama tuli na gunia kichwani hafanyi kazi yo yote juu ya gunia hilo kwa hesabu ya Fizikia, ijapokuwa jasho lamtoka. Ila nawaomba msimwambie hivyo mchukuzi wa bandarini!

Tatu, kuyeyuka. Barafu huyeyuka juani, na sukari huyeyuka katika chai. Kiswahili chetu cha kila siku hutumia neno moja, lakini mambo ni mawili. Barafu ni kitu kimoja kilichopata joto kikageuka kutoka yabisi kuwa kimiminika, penye nyuzi 0 za Selsiasi. Katika chai kuna vitu viwili: sukari, na maji yaliyoipokea na kuitawanya. Sukari peke yake yataka zaidi ya nyuzi 150 ili iyeyuke kwa joto, na chai haifiki huko. Ndiyo maana sukari hupotea hata katika maji baridi, mradi ukoroge. Anayesoma kwa Kiingereza atakuta maneno mawili mbalimbali, na asipojua tofauti hii ataliweka moja mahali pa jingine.

Nne, chumvi. Jikoni chumvi ni moja, lakini katika Kemia chumvi ni ukoo mkubwa. Asidi ikikutana na besi hupatikana chumvi na maji. Mrututu wa buluu ni chumvi ya shaba, tena ni sumu. Magadi tutiayo katika maharage ni chumvi za sodiamu. Wanafunzi hushangaa kwa nini alama ya sodiamu ni Na, na katika jina lake hamna herufi N. Sababu ni jina la Kilatini, natrium, lenye asili moja na jina la Ziwa Natron lililoko kaskazini mwa Tanzania, ambako magadi hupatikana tele. Basi alama hiyo si ngeni kwetu hata kidogo.

La mwisho ni moshi, na hili nawaomba wazazi walisome kwa makini. Wakati wa baridi watu husema, “Mkaa umeshika vizuri, moshi umekwisha, ingizeni jiko ndani.” Moshi ni chembe ndogo zinazoonekana na kuwasha macho. Lakini mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kabonimonoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulala, na huenda asiamke. Moshi umekwisha, ndiyo, lakini gesi haikwisha. Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, hata kama makaa ni mekundu na safi.

Sasa tufanyeje? Mimi na wenzangu wa bwenini tuna daftari lenye safu tatu: neno la mtaani, neno la kitaalamu, na mfano pamoja na kipimo chake. Jioni baada ya kujisomea twaulizana. Kama maktaba inayo, tazameni pia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tena msiogope kumwuliza mwalimu neno mnalodhani mwalijua, kwani kuuliza si ujinga.

Haya ni machache tu. Mwenye mengine na atuongezee katika toleo lijalo.