"Hii" na "Ile": Kupima Mwanga Tunaporekodi Mchezo wa Ubao

Katika kazi ya kukusanya msamiati wa michezo ya vijana, nilimrekodi kwa simu kijana mmoja wa hapa Kisangani anayeteleza barabarani juu ya ubao wenye beringi nne. Si sketibodi ya dukani kama zile za kiwanja cha Kitintale, mjini Kampala. Ni ubao uliokatwa kwa msumeno, na ekseli yake ya mbele imefungwa kwa bolti moja ili igeuke mchezaji anapoegemea upande. Nilitaka majina ya sehemu zake zote. Ilikuwa saa sita mchana, lami iking'aa, na nyuma ya kijana hapakuwa na kitu ila anga.

Nyumbani nilisikia sauti safi kabisa: "Yaya, ona, hii ndio inashikaka ile. Hii ikilegea, unaanguka." Lakini kwenye picha anga lilikuwa la buluu nzuri, naye kijana alikuwa kivuli kitupu. Mkono wake ulipotea mbele ya kifua chake. Hii ni ipi? Ile ni ipi? Sikuweza kujua.

Tunafundishwa kwamba viashiria havikamiliki nje ya mazingira ya usemi. Katika Kiswahili sanifu upatanisho wa ngeli ungenisaidia kidogo: "huu" ungeelekeza kwenye ubao au msumari, "hii" kwenye bolti au ekseli. Lakini kijana huyu alitumia "hii" na "ile" kwa kila kitu, kama tunavyosikia kila siku mjini. Kilichobaki cha kutofautisha ni kidole, na kidole nilikuwa nimekizima mwenyewe. Hapo nilielewa kwamba kupima mwanga ni sehemu ya unukuzi, wala si pambo la picha.

Kosa la kwanza ni la kipimo. Kamera inayojipima yenyewe haijui nani anasema. Huchukua wastani wa mwanga wa fremu na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati. Anga likijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Ngozi nyeusi iliyo kivulini huzama. Dawa yake ni kugusa uso au mkono wa msemaji kwenye kioo cha simu, kisha kubonyeza hadi kipimo kifungwe. Anga litaungua na kuwa jeupe, liache liungue. Ni bora zaidi kumwomba msemaji asogee mbele ya ukuta au miti, ili nyuma yake pasiwe na mwanga mkali kumshinda.

Kosa la pili ni la saa. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Saa sita jua huwa karibu na utosi, na macho hujificha chini ya kivuli cha paji la uso. Asubuhi kabla ya saa tatu, au alasiri kuanzia saa kumi, mwanga huja kwa upande na kuingia usoni.

La tatu linahusu mwendo wenyewe. Tukirekodi fremu 25 kwa sekunde, desturi ni shata ya 1/50, yaani nusu ya muda wa kila fremu. Ukungu mdogo unaobaki kwenye mguu unaosukuma ndio unaolifanya jicho lione mwendo mwororo. Sasa, kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba katika jua kali, kwa tundu la lenzi la f/16, shata iwe moja chini ya ISO: kwa ISO 100 ni 1/100. Lakini tundu la simu nyingi halibadiliki, nalo ni kubwa, karibu f/1.8. Simu italazimika kuharakisha shata hadi karibu 1/8000. Hapo kila fremu huwa kali kama picha mnato, na mguu huonekana kurukaruka.

Kwa anayetaka kusimamisha fremu moja aone kidole, shata hiyo ya haraka ni faida. Kwa anayetaka kuonyesha darasani jinsi "kusukuma" kunavyogeuka kuwa "kuteleza", ni hasara. Huyo aweke mbele ya lenzi kichujio cha kijivu cha ND64, kinachopitisha sehemu moja tu kati ya 64 za mwanga. Akishusha ISO hadi 50, shata itarudi karibu na 1/60. Kioo cha miwani ya jua hakitoshi, tena mara nyingi hubadili rangi.

Nilirudi saa kumi na nusu, siku nyingine, nikamsimamisha kijana mbele ya ukuta na kufunga kipimo kwenye mikono yake. Safari hii "hii" ilionekana wazi: ni bolti, na "ile" ni ekseli. Lakini hakurudia kila alichosema mara ya kwanza. Sentensi tatu za siku ile zimo katika daftari langu zikiwa na alama ya kuuliza. Tangu hapo, kabla ya kuuliza swali la kwanza, natazama mkono wa msemaji kwenye kioo cha simu. Nisipouona, sijaanza kurekodi.