Nyumba ya chuma kwa leza ya mkono: tupate mistari ya usawa isiyodanganya



Kwenye milima yetu ya Kabare, Walungu na Kalehe, mtaro wa kuzuia mmomonyoko unasaidia tu kama uko sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukishuka upande mmoja, maji yote yanakimbilia kule, yanavunja ukingo na kupeleka udongo kwa jirani. Hapo mtaro unakuwa sababu ya palaver.

Wengi munatumia pembe ya A, nayo ni chombo kizuri. Lakini kwa shamba kubwa inachukua siku nyingi. Leza ndogo ya mkono, ile inayotoa nukta nyekundu, inaweza kuharakisha kazi. Shida ni hii: ukiishika kwa mkono inatikisika, na ukiifunga kwa kamba juu ya nivo ya mwashi, inahama kila saa. Inaomba nyumba ya chuma. Kazi ya nyumba hii ni moja: kushika mwali na nivo pamoja, bila kuachana.

Vitu vinavyohitajika

- Tiyo ya mraba ya milimita 25, urefu wa sentimita 20, kama ile ya madirisha.
- Buloni 8 ndogo za milimita 4 na ekru zake.
- Kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli.
- Nivo ndogo ya mwashi.
- Buloni moja kubwa ya milimita 10 na ekru yake, na mti imara wa kusimamisha chombo.

Namna ya kutengeneza

1. Fundi atoboe matundu 4 mbele ya tiyo, moja kila upande, na mengine 4 nyuma. Achomelee ekru juu ya kila tundu.
2. Achomelee ekru kubwa chini, katikati ya tiyo. Buloni kubwa ifungwe vizuri juu ya mti, ili nyumba iweze kuzunguka pande zote.
3. Mbele azibe na kipande cha bati chenye tundu la milimita 6 tu. Aongeze kifuniko kidogo cha kufunga tundu hilo wakati hamufanyi kazi.
4. Atoboe tundu la kufikia kibonyezo cha leza. Kisha apige tupa ndani, chuma chenye makali kisibaki.
5. Chuma kikisha kupoa, ndipo muingize leza. Usichomelee kamwe leza ikiwa ndani: moto unaiharibu, na mawe yake yanaweza kupasuka.
6. Fungeni leza na mpira kabla ya kukaza buloni. Mpira unazuia buloni kuiponda. Pia, kwa leza nyingi ndogo, umeme unapita katika mwili wake wa chuma, kwa hiyo mpira unautenga na nyumba.
7. Nivo ikae juu ya tiyo, ikifuata urefu wake, na ifungwe kwa nguvu.

Pakeni rangi nyeupe nje, juu chuma cheusi kwenye jua kinapata moto sana, na leza haipendi joto. Washeni kwa muda mfupi tu, kisha muzime.

Jaribio la miti miwili

Musichimbe hata jembe moja kabla ya jaribio hili. Nivo inaweza kuonyesha sawa, kumbe mwali unapanda.

Simikeni miti miwili, A na B, mita 20 kati yao. Wekeni chombo katikati kabisa. Nivo ikiwa sawa, pigeni mwali kwenye A na mutie alama. Zungusheni, musawazishe nivo tena, mutie alama kwenye B. Alama hizi mbili ziko usawa mmoja hata kama leza imepinda, kwa sababu kosa ni lile lile pande zote mbili.

Sasa pelekeni chombo nyuma ya A, mita moja tu, na mupige miti yote miwili tena. Tuseme kwenye A nukta iko sentimita 15 juu ya alama ya kwanza. Kwenye B pia inapaswa kuwa 15. Ikiwa ni 17, mwali unapanda sentimita 2 katika mita 20. Mukiendelea kupima hivyo upande mmoja, mtaro wa mita 100 unaweza kukosea sentimita 10. Hiyo inatosha maji yote kukimbilia upande mmoja.

Kusahihisha: legezeni buloni ya juu ya nyuma, mukaze ile ya chini. Mkia wa leza unapanda, mwali unashuka. Nukta ikiwa chini mno, fanyeni kinyume. Rudieni jaribio lote mpaka A na B zikubaliane. Chombo kikianguka, jaribio linaanza upya.

Shambani

Fanyeni kazi asubuhi mapema au jioni, juu kwenye jua kali nukta nyekundu haionekani. Mwenzako ashike fimbo yenye karatasi nyeupe na alama kwa urefu wa mwali. Apande au ashuke mlima mpaka nukta iguse alama, hapo apige kigingi. Musipite mita 20 kwa kila hatua.

Macho hayana spea

Chagueni leza ya klasi 2, yenye nguvu isiyozidi miliwati 1. Zile za bei ndogo mara nyingi zina nguvu kuliko kibandiko kinavyosema. Leza ya kijani yenye nguvu, muiache. Mtu asiangalie ndani ya tundu, hata kwa utani. Mwali wa urefu wa mita moja unafika kwenye macho ya mtoto: watoto wakae mbali. Musielekeze kwenye njia ya pikipiki, wala kwenye kioo au bati linalong'aa.

Zoezi la koperative

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kipime mtaro mmoja wa zamani, kigingi kwa kigingi, na kiandike mahali unaposhuka. Hapo musahihishe kwanza, kisha mupande setaria au tripsakumu kwenye ukingo. Na jirani wa chini aitwe siku ya kupima, aone kwa macho yake maji yatakaa wapi.