Kabla ya Kupaka Rangi ya Kucha

Wasichana na akina mama wengi katika vikundi vyetu siku hizi hupaka wenzao rangi ya kucha ili wapate shilingi mbili tatu. Ni kazi nzuri na haihitaji mtaji mkubwa. Lakini malalamiko tunayosikia ni yale yale: rangi imebanduka baada ya siku mbili, au kidole kimevimba na kutoa usaha. Mara nyingi kosa si la rangi, ni la matayarisho.

Rangi ya zamani itolewe kwa pamba na dawa yake. Usiikwangue kwa wembe, kwani tabaka la juu la kucha hutoka nayo. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi, kwa hivyo ukiiharibu utangoja karibu miezi 6 ndipo yote iwe mpya. Tupa nayo ipigwe upande mmoja, kucha ikiwa kavu.

Sasa tuje kwa ile ngozi nyembamba kwenye shina la kucha. Wengi huikata, ati ni uchafu. Hapana! Hiyo ndiyo inayozuia vijidudu kuingia ndani. Ilainishe kwa mafuta, uisukume polepole kwa kijiti chenye pamba, basi. Ukikata damu ikatoka, hatari ni kwa mteja anayefuata pia: virusi vya hepatitisi B, vinavyoshambulia ini, huweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vina nguvu. Vifaa vya chuma vioshwe kwa sabuni, kisha vichemshwe dakika 20. Vijiti vitupwe. Tunajua ni gharama. Afadhali uongeze bei kidogo.

Jambo lingine ni maji. Kucha iliyolowekwa hunywa maji ikavimba, na ikikauka hunywea, ndipo rangi hupasuka. Ngoja ikauke kabisa, halafu upanguse mafuta kwa spiriti kidogo. Anza na ile rangi ya chini inayong'aa kama kioo, maana nyekundu ikipakwa peke yake huacha kucha manjano. Kisha paka rangi yenyewe mara mbili, nyembamba.

Na mteja akija na kucha nene iliyogeuka rangi, au kidole kinachouma, usimfunike kwa rangi hata akikubembeleza. Mwambie aende zahanati kwanza.