Kuchambua Mahojiano ya Wazazi: Jibu Linaporudiwa

Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huombwa mara nyingi, pamoja na maandalio ya masomo yake, auchunguze utoro katika shule aliyopangiwa. Uchunguzi huo huufanya kwa kuzungumza na wazazi. Namna ya kuuliza imekwisha kuelezwa vya kutosha katika masomo ya mbinu. Ugumu huja jioni, mwanachuo anapoketi mbele ya daftari lililojaa maneno ya watu asijue aanzie wapi. Wengi hukimbilia kuhesabu: waliosema "umaskini" ni kadhaa, waliosema "umbali" ni kadhaa, kisha huchora jedwali na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Katika makala haya twataka kuonyesha kwa nini hesabu hiyo ikitangulia huharibu kazi, na hasa jinsi ya kulishughulikia jibu ambalo kila mtu analitoa.

Tuchukue kwa mfano kata ya Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika. Sehemu hizo zilikuwa katika Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Wapo wenyeji wa siku nyingi, Wabende na jirani zao, na wapo waliohamia na ng'ombe wao, kama Wasukuma. Mahindi na mpunga hulimwa. Na ukishuka Karema na Ikola, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, utawakuta wavuvi. Majibu tutakayoyataja tumeyatunga kwa ajili ya zoezi, wala yasidhaniwe kuwa ni habari za nyumba fulani. Hata hivyo tunaamini kwamba aliyefundisha vijijini hatayaona mageni.

Jambo la kwanza ni kuyahifadhi maneno kama yalivyotamkwa. Mzazi amesema: "Wakati wa kuamia mpunga, ndege hawangoji kengele ya shule." Mwanachuo akiandika daftarini, "Mzazi anathamini kilimo kuliko elimu," amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuchambua, na jioni hatakuwa na kitu cha kuchambua ila hukumu yake mwenyewe. Maneno ya mzazi yanatueleza majira, yanatueleza kazi yenyewe, na yanatueleza kwamba kazi hiyo haina saa ya kupumzika. Sentensi ya mwanachuo haina lolote kati ya hayo. Kama mzazi alisema Kisukuma na mtoto wake akafasiri, hilo nalo liandikwe, kwa kuwa mtoto anayeulizwa habari za utoro wake mwenyewe si mkalimani asiye na upande.

Baada ya hapo mahojiano yote yasomwe mara mbili bila kuandika chochote pembeni. Katika usomaji wa tatu ndipo tunapoweka alama, yaani neno moja au mawili ya penseli kando ya kila kifungu, kuonyesha kifungu hicho kinahusu nini. Wataalamu huziita misimbo. Alama nzuri huchotwa katika midomo ya waliohojiwa: "kuamia", "mto umejaa", "hana wa kumwachia mtoto". Alama mbaya ni ile tuliyokwenda nayo kutoka chuoni au mikutanoni. Iliyo maarufu kuliko zote ni "mwamko mdogo". Katika mifano yetu hakuna mzazi aliyesema kwamba ana mwamko mdogo; hilo ni neno la ofisini kuhusu watu wasiokuwapo ofisini. Mwanachuo akiliweka kando ya vifungu ishirini, ataona mwisho wa kazi kwamba sababu kuu ya utoro ni mwamko mdogo, naye atadhani ameligundua katika mahojiano, kumbe alikuja nalo mfukoni.

Yapo pia maneno ya wahojiwa wenyewe yaliyo mapana mno. "Hali ni ngumu" ni mojawapo. Ada iliondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 serikali imetekeleza utaratibu wa elimu bila malipo. Kwa hiyo yafaa tuulize kila mara ugumu unaotajwa ni upi. Fuateni sentensi inayokuja baada yake. Mzazi mmoja ataendelea na habari za sare na madaftari. Mwingine atasema mumewe yuko ziwani na kitinda mimba hana wa kumlea. Wa tatu hataendelea na lolote, kwa sababu amelitumia neno hilo kufunga mazungumzo kwa adabu. Katika jedwali la mwanachuo mwenye haraka hao watatu ni "umaskini: 3". Sisi twaona mambo matatu, na la tatu halihusu umaskini hata kidogo.

Sasa tulitazame jibu linalorudiwa. Tuseme wazazi karibu wote wamesema, kwa maneno yale yale, "Mwalimu, elimu ni ufunguo wa maisha," na watoto wa baadhi yao wamekuwa shambani tangu Machi. Mwanachuo mmoja atasema wazazi hawa wanaipenda elimu kwa kauli moja. Mwenzake atasema wanadanganya, jibu lifutwe. Wote wawili wamekosea, na kisa cha kutufundisha tunacho karibu, katika wilaya hiyo hiyo.

Mwaka 1978 serikali ilifungua makazi ya Mishamo kwa ajili ya wakimbizi Wahutu kutoka Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. (Wengi wa wakimbizi wa wakati huo wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania; vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014.) Kati ya mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na kuhojiana na watu huko Mishamo, na pia na wakimbizi wenzao waliokuwa wamejipenyeza katika maisha ya mji wa Kigoma. Kitabu chake kilitoka Chicago mwaka 1995. Huko Mishamo alikuta kwamba watu mbalimbali walisimulia historia ya kwao kwa namna zilizofanana mno: matukio yale yale, kwa mpango ule ule, na funzo lile lile. Hakuchukua mfanano huo kuwa ushahidi kwamba kila jambo lilitokea kama lilivyosimuliwa, wala hakuyatupa masimulizi kwa kuwa yanafanana. Aliuliza swali jingine: kwa nini simulizi hili limekomaa hapa, na linawafanyia nini wanaolisimulia? Alipolinganisha na Kigoma akaona tofauti kubwa. Waliokaa mjini hawakuwa na simulizi moja la pamoja la namna ile. Wengi walijitambulisha kwa njia nyingi, kufuatana na mahali na haja. Watu walitoka nchi moja, wakakimbia msiba mmoja. Maisha ya makazini, ambako waliishi pamoja wakitambuliwa na kusimamiwa kama wakimbizi, ndiyo yaliyolipa simulizi umbo lake. Laiti angehoji Mishamo peke yake, asingeweza kulionyesha hilo kwa nguvu ile. Tena alieleza kwamba kazi yake ilifanikiwa kwa kukubali kutoyafukua mambo mengine, jambo ambalo mhojaji kijana mwenye orodha ndefu ya maswali angelifikiria.

Turudi Kapalamsenga na ule ufunguo wa maisha. Pembeni mwa kila jibu na tuandike lilitolewa wapi na nani alikuwapo. Huenda tukaona kwamba limesemwa ofisini mwa mwalimu mkuu na mbele ya mtendaji, na halikusemwa shambani, chini ya kibanda cha kuamia. Ikiwa ndivyo, jibu hilo ni heshima anayopewa mwalimu, nalo latueleza jinsi wazazi wanavyoiona shule: ni mahali pa kujibu vizuri. Habari hiyo ni kubwa kwa mtu atakayefundisha hapo miaka mingi.

Kwa kulinganisha, hatujaona chombo kinachoshinda vipande vya karatasi. Kila kifungu kiandikwe kwenye kipande chake, pamoja na namba ya mhojiwa na mahali, kisha vipande vipangwe sakafuni kwa mafungu. Glaser na Strauss, wanasosholojia wa Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1967 kwamba kila kifungu kipya hakina budi kulinganishwa na vilivyotangulia, na mafungu yabadilike kadiri kazi inavyoendelea. Sakafuni hilo ni rahisi; katika jedwali lililokwisha kupigwa mistari kwa wino mwekundu, mtu huona uchungu kulifuta.

Mtafuteni hasa mzazi anayeharibu mpango. Tuseme mafungu yote yanaonyesha kwamba wenye mashamba ya mpunga ya mbali ndio wenye watoto watoro, isipokuwa mama mmoja ambaye shamba lake ni mbali kuliko yote na wanawe hawakosi shule. Akisomwa tena, yaonekana watoto wanalala kwa bibi yao karibu na shule wakati wote wa kuamia. Hapo sababu inahama kutoka kwenye shamba na kwenda kwenye swali la nani anabaki na nani nyumbani. Shauri litakalopelekwa kwenye kamati ya shule litakuwa tofauti kabisa.

Na shauri hilo lina uzito. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio kuwa ya lazima, na mzazi aweza kuadhibiwa. Ripoti ya mwanachuo humfikia mwalimu mkuu, na kutoka hapo yaweza kumfikia mtendaji. Neno "mwamko mdogo" likifika huko huitisha faini. "Hana wa kumwachia mtoto" haliitishi. Kwa sababu hiyo hiyo majina yasiandikwe, wala namba zisidhaniwe kuwa zinatosha. "Mzazi wa 4, mjane mwenye ng'ombe, jirani wa kisima" anajulikana na kijiji kizima.

Kabla ya kuandika ripoti, nendeni kwa wazazi wawili watatu, akiwamo yule aliyeharibu mpango, mkawasomee mlivyoelewa. Mzazi akisema sivyo, maneno yake yaandikwe kwenye kipande kipya, nacho kiwekwe sakafuni pamoja na vingine.