Kwa Nini Mzazi Aliyekwisha Kukubali Hulia Tena: Somo Juu ya Malezi ya Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu

Lipo swali ambalo wazazi wa watoto wenye ulemavu huulizwa mara kwa mara, na aghalabu huulizwa kwa nia njema: "Wewe si ulishakubali?" Huulizwa mama ambaye kwa miaka mitano au sita amembeba mwanawe mgongoni, amemlisha, amemwogesha na amecheka naye, hata majirani wakadhani machozi yake yalikwisha. Kisha asubuhi moja ya Januari watoto wa rika la mwanawe wanapita barabarani wakiwa wamevaa sare mpya, na mama huyo anashindwa kutoka nje. Jirani anashangaa. Mume anakasirika. Mama mwenyewe anajiona ameshindwa katika jambo alilodhani amelimaliza.

Somo hili linamhusu mama huyo, pamoja na baba aliye naye au aliyekwisha kumwacha. Kwa wakazi wa kata za Mishamo si jambo la mbali. Kijiji ambacho hakina hata kaya moja yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kifafa, uziwi, uoni hafifu, usonji au ulemavu wa akili ni nadra kupatikana. Kinachopatikana zaidi ni kijiji ambacho mtoto huyo yupo lakini hajulikani.

Katika vyuo vya afya na ustawi wa jamii hufundishwa kwamba mzazi hupita katika hatua. Mafundisho hayo yanatokana kwa sehemu kubwa na andiko la mwaka 1975 la Dennis Drotar na wenzake wa Marekani, waliozungumza na wazazi wa watoto waliozaliwa na maumbile yenye kasoro. Walieleza hatua tano: kwanza mshtuko, kisha kukana, yaani moyo kukataa kuamini kilichoonwa na macho, kisha huzuni, hasira na wasiwasi, kisha kuanza kuizoea hali, na mwisho kuyapanga upya maisha ya nyumba nzima. Mpangilio huo umewasaidia wauguzi wengi kutomhukumu mzazi anayefoka au anayenyamaza mbele yao. Kasoro yake ni kwamba hufanana na ngazi: aliyefika juu hatarajiwi kushuka.

Miaka 13 kabla ya andiko hilo, mwaka 1962, Simon Olshansky, naye wa Marekani, alikuwa ameandika jambo tofauti. Kwa kuwatazama wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, aliona kwamba wengi wao hubaki na huzuni muda wote wa maisha yao, wakati mwingine ikipungua, wakati mwingine ikipanda, na kwamba huzuni hiyo si ugonjwa wala si ishara ya udhaifu. Ni jibu la kawaida la moyo wa binadamu kwa hali isiyokoma. Aliwaonya watoa huduma waache kuwasukuma wazazi "wakubali" upesi. Mwaka 1981 Lynn Wikler na wenzake walilinganisha maelezo ya wazazi na makisio ya maofisa ustawi wa jamii. Maofisa walikuwa wameyakuza maumivu ya miaka ya mwanzo na kuyapunguza yale ya miaka ya baadaye. Kwa maneno mengine, msaada ulikuwa ukimiminwa siku ya habari mbaya, kisha ukakauka wakati mzazi bado anauhitaji.

Hapo ndipo penye funzo kwa Mishamo. Huzuni ya mzazi haiji ovyo. Ina majira yake, na majira hayo yanaweza kujulikana mapema, kama mkulima anavyojua mwezi wa vitalu na mwezi wa kuwasha mabani.

Majira ya kwanza ni yale ya kugundua, na mara nyingi hayatokei siku ya kuzaliwa. Mdomo sungura au mguu kifundo huonekana mara moja. Mtindio wa ubongo hujificha. Mzazi huanza kuutilia shaka mtoto anapochelewa kukaza shingo, kukaa au kushika kitu. Katika miezi hiyo ya shaka familia huzunguka: zahanati, hospitali, kwa mganga, kwenye maombi, kisha zahanati tena. Mtoto anayepata degedege hupelekwa kwanza kwa mganga, kwa sababu tangu zamani degedege limehesabiwa kuwa jambo la pepo. Fedha za tumbaku huisha katika mizunguko hiyo, na pamoja nazo huisha siku ambazo mtoto angeanza dawa au mazoezi ya viungo.

Mzazi anayezunguka hana ujinga. Anatafuta mtu wa kumwambia kwamba kilichosemwa si kweli. Ndiyo hatua ya kukana, na dawa yake ni maelezo yanayorudiwa kwa upole zaidi ya mara moja, kwa kuwa mtu aliyeshtuka hasikii maneno yote. Maelezo yenyewe ni haya: mtindio wa ubongo huweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Laana haimo katika orodha hiyo, wala dhambi ya mama. Hata hivyo katika nyumba nyingi shangazi na wakwe wamekwisha kutoa hukumu: "Katika ukoo wetu hawajawahi kuzaliwa watoto wa namna hii." Mama hubeba mtoto na hatia kwa pamoja, na hatia ndiyo nzito zaidi.

Majira ya pili hayazungumzwi vya kutosha, nayo ndiyo yanayowaponyoka watoa huduma. Tangu kuzaliwa mtoto ana kadi ya kliniki. Anapimwa uzito, anachanjwa, muuguzi anamjua kwa jina, na kwa miaka mingi sera ya afya imemsamehe gharama za matibabu katika vituo vya Serikali hadi atimize miaka mitano. Kadi hiyo inapofikia ukomo, mtoto asiye na ulemavu anahamia kwenye daftari lingine: la shule. Mtoto mwenye ulemavu, ikiwa mzazi wake anaamini kwamba shule si mahali pake, hahamii popote. Hayumo tena kliniki na hajaingia darasani. Ni wakati huo huo ambapo amekuwa mzito, mgongo wa mama unaanza kuuma, msamaha wa matibabu umekwisha na wenzake wanavaa sare. Mambo manne yanamwangukia mzazi ndani ya mwaka mmoja, na hakuna ofisa aliyepangwa kumtembelea mwaka huo.

Mama aliyetajwa mwanzoni yuko hapo. Machozi yake ya Januari si kurudi nyuma; ni mara ya kwanza kwake kuiona tofauti kati ya mwanawe na wenzake ikiwa imepangwa mstari mmoja barabarani. Wapo wazazi ambao katika mwaka huo huanza kumficha mtoto. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wamechoka kuulizwa maswali, na shamba haliwezi kusubiri, hivyo mlango hufungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Lakini mtoto anayefungiwa hupoteza hata kile kidogo alichokuwa amejifunza. Viungo vyake hukakamaa, maneno hupungua, na mzazi akiuona mporomoko huo husema, "Nilijua hawezi." Hivyo kufungiwa hugeuka kuwa ushahidi wa kutoweza, na mwaka unaofuata mlango hufungwa bila hata kusitasita.

Majira ya tatu huja pamoja na kubalehe. Binti anavunja ungo lakini hawezi kujieleza. Kijana ana nguvu za mtu mzima na akili ya mtoto. Hofu hapa ni ya kweli, hasa hofu ya binti kudhalilishwa na watu wanaojua kwamba hatasema, au hataaminiwa akisema. Mzazi mwenye hofu ya namna hiyo asiambiwe kwamba anazidisha.

Majira ya nne ni ya uzee, na swali lake ni moja: nani atamtunza nikifa? Mahali pengine swali hilo hujibiwa na ukoo. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, na ingawa wengi wa wakazi wake na wajukuu wao leo ni raia wa Tanzania, zipo familia zilizofika zikiwa zimepoteza ndugu njiani au zimewaacha ng'ambo. Nyumba isiyo na shangazi wala mjomba wa karibu hulibeba swali hilo peke yake. Katika hali hiyo jirani si msaada wa ziada. Ndiye ukoo wenyewe.

Ni vema kusema wazi juu ya akina baba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Sally Hartley na wenzake, waliozungumza na familia 52 za Uganda, uliona kwamba mzigo wa malezi hubebwa na wanawake wachache katika kila nyumba, huku wanaume wakiwa na kauli lakini si mikono katika kazi ya kila siku. Picha hiyo haiko mbali na ya huku. Hata hivyo baba anayekaa kimya asidhaniwe hana huzuni. Wanaume wengi hawakufundishwa namna ya kuhuzunika mbele ya watu, na mahali pao pa kuificha huwa ni kilabuni au safarini. Mama anaweza kuwa amefika kwenye kuizoea hali huku baba bado yuko kwenye kukana, na ugomvi unaozuka baina yao huonekana kuwa wa fedha au wa chakula. Muuguzi anayemwita baba kwa jina lake na kumwonyesha kwa vitendo namna ya kumkalisha mtoto ili alishwe bila kupaliwa humfanyia jambo kubwa kuliko hotuba. Mikono ikipata kazi, moyo hupata njia.

Haitakuwa haki kuzitaja huzuni peke yake. Watafiti waliozungumza na walezi huko Moshi, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2013, walikuta umaskini na uchovu, lakini walikuta pia upendo uliosemwa bila kuulizwa. Mzazi aliyemfundisha mwanawe kushika kijiko kwa miaka miwili ana furaha ambayo wazazi wengine hawaifahamu. Furaha hiyo na ile huzuni hukaa katika moyo mmoja bila kufukuzana, na jirani anayeona moja asidhani nyingine ni ya uongo.

Kuna jambo lililojaribiwa ambalo linawezekana hata Bulamata, Ipwaga au Ilangu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti akiwamo Joseph Gona waliwasikiliza kwanza walezi wa watoto wenye ulemavu, wakakuta msongo, kutengwa na upweke. Miaka iliyofuata waliwasaidia walezi kuunda vikundi vya kusaidiana: kukutana, kuweka akiba, kufanya shughuli ndogo ya kipato na kubadilishana mbinu za malezi. Baada ya miezi kumi walezi walieleza kwamba wanaungwa mkono zaidi kuliko mwanzo. Watoto wao hawakuwa wamepona. Kilichobadilika ni kwamba mama aliyelia Januari alikuwa na mwenzake aliyelia Januari ya mwaka uliotangulia, naye alijua la kumwambia.

Kwa upande wa huduma, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka haki yake ya elimu, afya na ulinzi, pamoja na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ndiyo inayopaswa kujua kila mtoto anayekaribia miaka mitano na kumfikia mzazi kabla kadi ya kliniki haijafungwa. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Akina mama walezi waliojiunga katika kikundi wanaweza kuomba kupitia fungu la wanawake, wakianza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Uandikishaji wa darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka. Mtoto mwenye ulemavu huandikishwa kama wengine katika shule iliyo karibu. Ni baada ya hapo afisa elimu maalumu wa Halmashauri na wahudumu wa afya hushauriana na mzazi iwapo atasoma hapo au katika shule yenye kitengo cha mahitaji yake. Mzazi hahitaji cheti cha daktari ili jina la mwanawe lipokelewe, wala hahitaji kuwa ameacha kulia. Asiyejua pa kuanzia aende na mtoto ofisi ya mtendaji wa kijiji, na ikiwa mtoto hawezi kubebwa, apeleke taarifa ili afuatwe nyumbani. Jirani anayejua nyumba ambayo mlango hufungwa asubuhi anaweza kupeleka taarifa hiyo pia, baada ya kwanza kubisha hodi na kumsalimu mwenye nyumba.